Anayekuja Kututibu Aanze kwa Kutuuliza



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nyumbani methali hii hupendwa zaidi na watoto, maana mgeni akifika kuku huchinjwa, na wao hupata japo shingo. Lakini katika ukurasa huu wa afya tuitazame kwa maana yake ya wazi kabisa. Wapo wageni wanaovuka bahari ili sisi wenyeji tupone. Ni madaktari, wauguzi, wakunga na wanafunzi wa udaktari wanaojitolea kuja katika hospitali na zahanati zetu, wengine kwa wiki mbili au tatu, wengine kwa miezi au miaka. Wanaacha kazi zao, wengi wanajilipia nauli, wanavumilia joto la pwani na mbu wake. Tunawashukuru kwa moyo wote.

Hata hivyo, shukrani isitufunge mdomo. Swali langu leo ni hili: akija mgeni huyo, je, mwenyeji anapona kweli? Mimi naishi Kikole, Wilaya ya Kilwa, na nimehudumia wagonjwa kwa miaka mingi katika pwani hii. Jibu nililolipata ni kwamba mwenyeji hupona pale ambapo mgeni aliuliza kabla ya kufunga sanduku lake, na sisi tukamjibu ukweli. Asipouliza, au sisi tukinyamaza kwa haya, wema wake waweza kugeuka madhara.

MAMA WA VIDONGE VYA WAGENI

Katika zahanati moja ambayo sitaitaja, alikuwako mama wa makamo mwenye ugonjwa wa presha. Kila mwezi alikuja kuchukua vidonge vyake, na presha yake ilikuwa imetulia kiasi. Siku moja wakafika wageni wa kujitolea kutoka nchi za nje, kwa muda wa wiki mbili. Watu walijaa uwanjani tangu alfajiri. Mama naye akapanga foleni. Wageni wakampima, wakaona presha iko juu kidogo, wakampa vidonge vingine vya siku 30, vyenye maandishi ya lugha ya kwao. Habari zake waliziandika katika daftari lao, na daftari hilo wakaondoka nalo. Katika kadi ya mama hapakuandikwa kitu.

Vidonge vya wageni vilipokwisha, mama hakurudi kwetu. Alikuwa akiwangoja wale wageni. Miezi minne baadaye aliletwa kwa baiskeli, mkono na mguu wa kulia vimelegea, mdomo umekwenda upande. Ilikuwa kiharusi. Binti yake alikuwa amekunja pakiti tupu ndani ya kanga, akatuonyesha. Nilipomwuliza mama, "Mbona, mama, uliacha vile vya kwetu?" alijibu kwa shida, "Mwanangu, nilidhani vya wageni vimekwisha kuniponya."

Wale wageni hawakuwa watu wabaya, na dawa yao haikuwa mbaya. Lakini dawa ya presha haiondoi ugonjwa. Huuzuia tu, siku kwa siku, na mgonjwa akiacha, presha hupanda tena. Mgonjwa wa namna hii anahitaji mtu wa kumwona mwezi huu, na mwezi ujao, na mwaka ujao. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyeuliza, "Sisi tukiondoka, huyu mama ni wa nani?" Na sisi wahudumu wenyeji tulikosa pia. Tulisimama pembeni kama watazamaji wa ngoma, tukiona aibu kuwaambia wageni kwamba mama huyo tayari ana dawa.

INJILI YA LUKA, SURA YA KUMI

Tukisoma sura ya 10 ya Injili ya Luka tutakuta mambo mawili yanayotufaa. La kwanza ni Yesu kuwatuma wale wanafunzi sabini na wawili. Aliwaagiza wakae katika nyumba moja bila kuhamahama, wale na kunywa wanachopewa na wenyeji, na wawaponye wagonjwa wa mji ule. Tazameni utaratibu huo: kula na wenyeji kumetajwa kabla ya kuponya. Mwenye kula nasi atajua tunakula nini, maji tunayachota wapi, na watoto wangapi wanalala chini ya chandarua kimoja. Huyo hata akitoa dawa atatoa kwa kumjua mtu.

La pili ni habari ya Msamaria Mwema. Mara nyingi tunamsifu kwa kuosha majeraha kwa mafuta na divai, kisha tunaishia hapo. Lakini yeye hakuishia hapo. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akampeleka katika nyumba ya wageni, akamtunza. Kesho yake alimkabidhi mwenye nyumba, akaacha fedha za matunzo, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Bila yule mwenye nyumba, wema wa Msamaria ungedumu usiku mmoja tu.

Kwetu sisi, mwenye nyumba ya wageni ni nani? Ni mganga mfawidhi wa zahanati, ni muuguzi, ni mhudumu wa afya wa kijiji, na ni yule binti mwenye pakiti tupu. Mgeni anayetutibu bila kumkabidhi mgonjwa kwa watu hao anafanya nusu ya kazi ya Msamaria, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu zaidi.

DAKTARI WA MNERO

Katika jimbo letu tunao mfano mzuri wa mgeni aliyejua kukaa. Daktari Leader Stirling, mpasuaji kutoka Uingereza, alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi, upande wa Masasi, katika misheni ya Kianglikana. Baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki, na kuanzia mwaka 1949 alihudumia hospitali ya Mnero, Nachingwea, chini ya Wabenediktini, kwa muda wa miaka 15 hivi. Alipasua wagonjwa katika mazingira ya shida, lakini pia alifundisha wauguzi wenyeji ili kazi isife akiondoka yeye. Alichukua uraia wa nchi yetu, akawa Mbunge, na katika miaka ya 1970 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya. Alifariki mwaka 2003.

Sisemi kila mgeni akae miaka yote hiyo. Wengi wana watoto na wazee wao wa kutunza. Nasema tu kwamba waliotuachia kitu, kuanzia Mnero hadi Nyangao na Ndanda, ni wale waliowafanya wenyeji kuwa wenzao wa kazi. Wahenga walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mgeni aliyepewa jembe hulima pamoja nasi, katika shamba letu, kwa mstari tuliouanza sisi.

GOGO LA MPINGO NA MWILI WA MTU

Hapa Kikole tunajua kupatana na wageni. Kijiji chetu kina msitu wake wa hifadhi, na ndani yake mna mpingo, mti unaotafutwa mbali kwa kutengenezea zumari na filimbi za Wazungu. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha utunzaji bora wa misitu. Habari hiyo ilisikika mbali, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili inayotunzwa na wanakijiji wenyewe. Hatukufika hapo kwa bahati. Kijiji kilikaa mkutano, kikapima, kikaweka mpango wa miti ya kukata na ya kuacha. Mnunuzi wa mpingo, hata awe tajiri namna gani, lazima kwanza apatane na kijiji.

Basi najiuliza: kama gogo la mpingo halikatwi bila mapatano, kwa nini mwili wa mzee wetu upasuliwe bila mapatano? Mgeni anayekuja na kisu cha upasuaji, hata awe mwema namna gani, naye apite katika mkutano wetu. Kufanya hivyo si kumdharau. Ni kumpokea kama mtu mzima mwenye kazi ya maana.

MGENI AJIANDAE VIPI?

Wapo kati yetu wenye ndugu na marafiki nje, na zipo parokia zenye urafiki na parokia za Ulaya. Mtu akiwaandikia kwamba anataka kuja kujitolea, mwelezeni mambo haya.

Kwanza, aulize. Amwandikie mganga mfawidhi miezi mingi kabla: Ni ugonjwa gani unawashinda? Nitafanya kazi na nani? Nikiondoka, nani ataendelea na wagonjwa? Na akijibiwa kwamba kwa sasa hahitajiki, akubali. Pengine kinachohitajika ni ada ya kumsomesha muuguzi mmoja, au kutengeneza jokofu la chanjo.

Pili, awe na kibali. Daktari mgeni hutakiwa kusajiliwa kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi ana baraza lake. Mganga Mkuu wa wilaya naye ajue. Mwanafunzi asifanye huku jambo ambalo kwao haruhusiwi kulifanya. Maskini si wa kujifunzia kukata.

Tatu, aangalie afya yake mwenyewe. Apate chanjo, hasa ya homa ya ini ya aina B, maana atashika damu. Atumie dawa ya kinga ya malaria na alale ndani ya chandarua. Ajue mapema dawa ya kinga ya Ukimwi inapatikana wapi iwapo atachomwa na sindano iliyotumika, kwa kuwa dawa hiyo inatakiwa ianzwe haraka, kabla ya saa 72 kupita. Mgeni akiugua huchukua kitanda kilekile alichokuja kukihudumia.

Nne, ajifunze lugha, hata kidogo, na ajifunze saa yetu. Msidhani ni jambo dogo. Saa yao ya nane asubuhi ni saa yetu ya mbili. Mkalimani asiye makini atamwambia mgonjwa anywe dawa saa nane, naye atainywa saa nane mchana. Aidha, ajue maneno ya wagonjwa. Mzee akisema ana "mshipa" yawezekana anaficha busha au ngiri. Mama akisema mtoto ana "degedege" huenda ni malaria kali, na hapo si pa kupoteza hata nusu saa. Tena wengi wa majirani zetu wa Kilwa ni Waislamu. Katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa anaweza kuacha dawa za mchana bila kusema. Akiulizwa kwa heshima, dawa nyingi zaweza kupangwa upya wakati wa daku na futari, au akaelezwa kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Na mwanamke aangaliwe na mwanamke kila inapowezekana, au awepo muuguzi wa kike.

Tano, ajifunze magonjwa ya huku kwa watu wa huku. Mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu ilienea Newala na sehemu za Makonde. Waliougua walijikunja kwa maumivu ya viungo. Leo madaktari wa dunia nzima wanaiita chikungunya, na jina hilo limetoka katika Kimakonde, lugha ya wagonjwa wenyewe. Tena Julai 2022, katika Wilaya ya Ruangwa, watu walipatwa na homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Serikali ilitangaza wagonjwa 20, na watatu kati yao walifariki. Wengi waliogopa kwamba ni ugonjwa mpya kabisa. Vipimo vilionyesha ni homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa wanyama wenye vimelea kuingia katika maji au udongo. Mgeni anayedhani kila homa ya pwani ni malaria, au kila jambo geni ni hatari mpya, atapotea njia.

Sita, asilete dawa ambazo hazikuombwa. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwaka 1992 na katikati ya mwaka 1996, wakati wa vita vya Bosnia, tani zipatazo 17,000 za dawa zisizofaa zilipelekwa huko kwa jina la msaada. Nchi ile yenye majeruhi ikapata kazi ya ziada ya kuteketeza takataka. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: dawa za msaada ziwe zinahitajika na kukubaliwa na anayepokea, ziwe na maandishi yanayosomeka na wenyeji, zisiwe mabaki yaliyorudishwa na wagonjwa wengine, na kwa kawaida ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Hapa nchini dawa hazipaswi kuingia bila kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Saba, aulize majira. Masika yetu ni Machi hadi Mei. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam huku kwetu Kilwa, upande wa Somanga, magari yakakwama. Kama lami ilikatika, njia ya udongo itakuwaje? Kupanga upasuaji wa watu wengi wakati wa masika ni kuwaacha wenye vidonda mbali na hospitali.

Nane, asipige picha za wagonjwa bila ruhusa. Mtoto mwenye utapiamlo ana jina, ana mama, naye kesho atakuwa mtu mzima.

Wengine watanipinga wakisema: mbona wapasuaji wa siku chache wametusaidia sana? Ni kweli. Mzee aliyebeba busha miaka 20 akipasuliwa, au bibi akitolewa mtoto wa jicho, maisha hubadilika kwa kazi ya siku moja. Siipingi kambi ya namna hiyo. Lakini kidonda hakiponi siku ya kupasuliwa. Kambi nzuri ni ile ambayo mpasuaji mwenyeji amesimama mezani pamoja na mgeni, wagonjwa wameandikwa katika kitabu cha hospitali, na siku ya kutoa nyuzi inajulikana, pamoja na jina la atakayezitoa. Pasipo hayo, heri kungoja.

NA SISI TUJIANDAE

Tusimwachie mgeni mzigo wote. Parokia, kigango au jumuiya ndogo ndogo inayopokea wageni wa afya ifanye haya.

Kabla hawajafika, halmashauri ya walei na Baba Paroko wakae na mganga mfawidhi na uongozi wa kijiji, majirani zetu Waislamu wakiwemo, maana ugonjwa hauulizi dini. Waandike barua ya mahitaji ya kweli. Tusiombe kila kitu kwa tamaa, na tusikubali kila kitu kwa haya. Watafutwe wakalimani wazuri, watu wazima wenye kutunza siri. Si vema kijana wa jirani atafsiri habari za ugonjwa wa mama wa jirani.

Wakati wageni wakiwapo, kila mgonjwa aende na kadi yake na vidonge vyote anavyotumia, hata dawa za miti shamba. Mgonjwa wa presha, kisukari, kifafa, kifua kikuu au anayetumia dawa za Ukimwi asiache dawa zake kwa sababu amepewa nyingine. Kwanza amwulize mhudumu wake wa kila siku. Usitoke mbele ya mgeni kabla hujauliza maswali matatu: Ninaumwa nini? Dawa hii niinywe kwa muda gani? Ikiisha, niende kwa nani? Majibu yaandikwe katika kadi yako, kwa Kiswahili. Wala tusipite mlango wa nyuma kumwomba mgeni dawa za kuweka nyumbani. Dawa iliyowekwa kabatini kwa ajili ya ugonjwa usiojulikana hugeuka sumu ya watoto.

Wakiondoka, wahudumu wenyeji wabaki na orodha ya wagonjwa wote waliotibiwa. Na mwaka ukipita tuwaandikie wageni ukweli: huyu amepona, huyu amekufa, kifaa kile kiliharibika baada ya wiki tatu. Barua ya sifa tupu humfanya mtu mwema arudie kosa lake.

WATOTO WETU NAO WANAKWENDA

Tusijidhanie kuwa sisi ni wa kupokea tu. Wauguzi na madaktari wa Afrika Mashariki nao hujitolea katika nchi za wenzao, penye vita, wakimbizi na magonjwa ya mlipuko. Huenda binti yako aliyesomea uuguzi atakuja nyumbani na kusema, "Baba, mama, nataka kwenda." Yote niliyosema juu ya mgeni anayekuja kwetu yanamhusu yeye pia atakapokuwa mgeni kwa watu. Na yapo ya kuongeza.

Msimzuie kwa hofu, lakini msimruhusu kwa sifa. Awe na mkataba wa maandishi: nani analipa nauli, bima, na gharama za kumrudisha akiugua. Mtu akidai fedha nyingi ili "ampeleke kujitolea," au akitaka kumshikia hati yake ya kusafiria, mjue hapo pana mashaka. Ahakikishe leseni yake inakubaliwa huko aendako, na awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano pale inapotakiwa. Mpange nani atatunza watoto wake na wazee wake, kwa majina. Naye ajue kwamba akirudi kutoka penye Ebola atafuatiliwa afya yake kwa siku 21. Wakati huo msimkimbie. Mwulizeni hali kwa simu na mpelekeeni salamu.

Hospitali ya Kikatoliki ya Lacor, karibu na Gulu nchini Uganda, inatufundisha uzito wa jambo hili. Mwaka 1961 alifika hapo Lucille Teasdale, daktari mpasuaji kutoka Kanada, akikusudia kusaidia miezi miwili tu. Alikaa maisha yake yote pamoja na mumewe, daktari Piero Corti. Katika miaka ya vita, akiwapasua majeruhi, aliambukizwa virusi vya Ukimwi, akafariki Agosti 1996. Kabla ya hapo walikuwa wamemlea katika kazi daktari kijana wa Uganda, Matthew Lukwiya. Mwaka 2000 Ebola ilipozuka Gulu, ndiye aliyeongoza hospitali ile kupambana nayo, pamoja na wauguzi waliokubali kubaki. Wauguzi kadhaa walikufa, na yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Hospitali haikufa pamoja nao. Iliendelea kutibu, kwa sababu walikuwapo wenye nyumba waliofundishwa.

Ndiyo maana nasema kujitolea si matembezi. Mwenye kwenda aende akiwa amejiandaa mwili, kazi na roho, na wanaompokea wawe tayari kumwambia ukweli.

Kila mwaka tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Siku hiyo itakapofika, tusiwaombee wagonjwa peke yao. Tumwombee Msamaria anayefunga safari, na zaidi tumwombee mwenye nyumba ya wageni, maana yeye hana tiketi ya kurudi.

Yule mama wa presha alipata nafuu kidogo. Hutembea kwa fimbo, na kila mwezi binti yake humleta. Kadi yake sasa ina kurasa zilizojaa. Mgeni mwingine akija na kutaka kumtibu, binti huyo atakuwa wa kwanza kufungua kadi na kusema, "Karibu, daktari. Kwanza soma hapa."